Nimealikwa Bayreuth, lakini naogopa kukwama tena mbele ya watu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Nungwi, Unguja. Ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma, na niko mwaka wa pili wa uzamivu. Utafiti wangu ni wa msamiati wa mafundi wa majahazi. Marehemu babu alikuwa fundi, mjomba wangu ni fundi hadi leo, na mimi nimekulia pale pwani nikiokota vipande vya mbao vya kuni huku nikiwasikia wakiitana kwa maneno ambayo shuleni sikuyakuta kwenye kitabu chochote.

Mwaka huu niliona tangazo la Kongamano la Kiswahili linalofanyika kila mwaka Bayreuth, Ujerumani. Nikatuma ikisiri, yaani muhtasari wa nitakachowasilisha, bila kumwambia mtu. Niliianza na methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", kwa kuwa watu wanaitaja kila siku na wengi hawajui kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo na omo ni wa mbele, wala ngama ni kitu gani. Nikaeleza pia nililoliona kwa mjomba: mwanafunzi wake anatoboa mbao kwa drili ya umeme, lakini mjomba akimwamuru bado anamwambia "piga keke hapa", keke ikiwa kifaa cha mkono cha kutobolea mbao. Kifaa kimeondoka, neno limebaki.

Ikisiri imekubaliwa. Nimepewa dakika 20 za kuwasilisha na 10 za maswali, mwishoni mwa Mei. Tiketi inalipwa na mradi unaonifadhili. Siku niliyopata barua nililia kwa furaha, na usiku wake sikulala kwa woga.

Mwalimu, mwaka jana niliwasilisha kwenye semina ya idara yetu. Nilisoma vizuri hadi mwisho. Kisha mkubwa mmoja akaniuliza, kwa Kiingereza, nadharia niliyotumia inatofautianaje na nyingine aliyoitaja. Jibu nilikuwa nalo, ila halikutoka. Nilibaki nimeshika karatasi, nasikia feni ya darini inavyolia, mpaka mwenyekiti akasema tuendelee. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku ile nikiombwa kuzungumza popote natafuta udhuru.

Sasa wenzangu wananishauri niwasilishe kwa Kiingereza, ingawa waandalizi wanaruhusu lugha zote mbili. Mmoja ninayemheshimu kama kaka aliniambia, "Ukifika Ulaya ukazungumza Kiswahili watakuona hukusoma." Makala yangu ina kurasa 34, na kila nikijaribu kupunguza naona natupa kazi ya miaka miwili. Kwenye orodha ya washiriki yumo profesa mmoja niliyemnukuu karibu kila sura. Nikimfikiria ananyoosha mkono, tumbo linanikata. Na nyumbani mama hana raha. Nitasafiri peke yangu, nitakula nini, nitasali vipi. Ndege ninayoijua mimi ni ile fupi ya kwenda Dar. Viza sijaomba, na zimebaki wiki kumi na moja.

Nimefikiria niwaandikie kwamba nimepata dharura. Nisaidie.

Mtoto wa Fundi, Unguja

*

Marahaba mwanangu,

Barua ya dharura usiiandike. Nitakujibu yote, ila naanza na viza, maana woga tunaweza kuuzungumza hata usiku lakini ofisi za watu zina saa zake.

Wiki kumi na moja zinatosha kama utaanza kesho. Unachohitaji ni viza ya muda mfupi, ile isiyozidi siku 90, ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yanatakiwa yafike siku 15 kabla au zaidi. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaweza kwenda hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kinachowakwamisha wengi wetu ni miadi, kwa hiyo kamata tarehe ya miadi kwanza, karatasi uzikusanye tarehe ikiwa mkononi. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kule. Karatasi ninayoipa uzito kuliko zote ni barua ya mwajiri: kwamba wewe ni mtumishi, umeruhusiwa, na tarehe fulani unarudi darasani. Anayesoma maombi yako anatafuta sababu ya kuamini kwamba utarudi. Mpe.

Na kwa kuwa ni mtumishi wa umma, ombi la kibali cha kusafiri nje lifike kwa mkuu wa idara wiki hii. Linapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina siku zake.

Sasa lugha. Zungumza Kiswahili.

Kaka yako wa idarani anakutakia mema, lakini kwa kongamano hili amekosea. Yapo makongamano mengi ng'ambo ambayo Kiswahili hakina nafasi, na kama ungekuwa unakwenda huko ningekwambia ujiandae kwa Kiingereza mchana na usiku. Bayreuth si hivyo. Pale Kiswahili ni lugha ya kikao. Utamkuta Mjerumani au Mwitaliano anasoma makala yake kwa Kiswahili, na chai ikiletwa wanaendelea kubishana kwa Kiswahili hichohicho. Watu hawa wamekaa madarasani miaka mingi ili wafike mahali pa kuelewa maneno uliyoyasikia ukiwa na umri wa miaka sita, umebeba kuni. Ukisimama mbele yao ukayaeleza maneno ya mjomba wako kwa Kiingereza cha kukariri, utawanyima kile walichokuja kukisikia.

Nina sababu nyingine, na hii iko moyoni mwangu muda mrefu. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin seminari ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zilizofundishwa. Wajerumani walihitaji watu wetu wawafundishe. Kutoka Unguja alikwenda Amur bin Nasur, akafundisha kuanzia 1891. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Sehemu kubwa ya yale yaliyochapishwa mwaka 1903 kama Desturi za Waswahili ilitoka kwa Mtoro, lakini jina lililowekwa mbele ya kitabu ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akifundisha palepale. Wewe unakwenda Ujerumani zaidi ya miaka 120 baadaye, ikisiri ina jina lako, lugha ni yako, na hakuna mtu katikati. Nikilifikiria hilo naona raha ambayo siwezi kukueleza.

Kwa sababu hiyohiyo, mtaje mjomba. Slaidi ya kwanza, chini ya jina lako, yaandike majina ya mafundi waliokufundisha, ukishawaomba ruhusa. Wasibaki kuwa "watoa taarifa" tu.

Kiingereza hukitupi. Andika ukurasa mmoja wa muhtasari wa Kiingereza, utoe nakala ishirini, uziweke mlangoni. Kwenye slaidi, chini ya kila neno la fundi, weka maana yake fupi ya Kiingereza kwa maandishi madogo. Mtu akikuuliza kwa Kiingereza unaruhusiwa kumjibu kwa Kiswahili. Chumba kizima kimejaa watu wanaoweza kumfasiria.

Tuje kwenye kurasa 34. Kongamano langu la kwanza nje ya nchi nilikwenda na kurasa 26. Nilizisoma kimoyomoyo ndani ya ndege nikaona zinatosha. Nilipofika ukurasa wa tisa, mwenyekiti akanyanyua kikaratasi kilichoandikwa 5. Nikaanza kukimbia, maneno yanagongana. Ukurasa wa kumi na mbili nikasimamishwa. Nilikuwa na jedwali nililolikusanya kwa miezi saba nikitembea vijijini kwa miguu, na lilikuwa ukurasa wa 21. Hakuna aliyeliona. Maswali yote niliyoulizwa yalihusu utangulizi, ambao nilikuwa nimeuandika kwa siku mbili. Nilirudi kukaa na jedwali langu mapajani, na uchungu ule ninao hadi leo, ndiyo maana nakusisitizia.

Dakika 20 za Kiswahili kilichosomwa kwa utulivu ni maneno kama 1,800, kurasa sita au saba zenye nafasi pana. Maneno yetu ni marefu, usipige hesabu kwa Kiingereza. Makala ya kurasa 34 iache kama ilivyo, ndiyo utakayokuja kuichapisha. Jarida la Swahili Forum linachapisha makala kwa Kiswahili na linasomwa bure mtandaoni, liweke akilini. Wasilisho ni kazi nyingine kabisa, liandike upya kwa kutumia hayo mawili uliyoyataja kwenye barua yako. Fungua na methali, kisha uwaulize waliomo chumbani ni nani anajua ngama ni nini. Nyamaza kidogo. Halafu waoneshe picha ya sehemu ile ya chini ndani ya chombo ambako maji yanakusanyika, iliyopigwa kwa mjomba wako. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwenye keke. Nadharia ipe dakika mbili. Mapitio ya waliotangulia yape moja. Wengi wao watakuwa wamekaa mbele yako, hawahitaji kusimuliwa waliyoyaandika wenyewe.

Kama una simu nzuri, nenda ukarekodi nusu dakika tu: mjomba anatoa amri, kijana anawasha drili, sauti ya "piga keke hapa" inasikika juu ya mngurumo wa mashine. Kisha mwombe mjomba akutolee keke yenyewe, ule mti wenye ncha ya chuma unaozungushwa kwa uta, aitie kwenye ubao taratibu mbele ya kamera. Nusu dakika hiyo inafanya kazi ya kurasa kumi. Ihifadhi kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia, usitegemee intaneti ya ukumbini.

Sasa tufike kwenye ile feni.

Umesema mwenyewe jibu ulikuwa nalo. Basi tunachotafuta ni njia ya kulifikia watu wakiwa wanakutazama. Panda na kalamu na karatasi nyeupe. Mtu akiuliza, liandike swali lake. Kuandika kunakupa sekunde kumi ambazo hakuna atakayezihesabu, kwa sababu anayeandika swali la mtu anaonekana amemheshimu. Kisha mrudishie kwa maneno yako: "Kama nimekuelewa, unauliza kama..." Hapo sauti yako imeshatoka, na sauti ikishatoka mara moja ya pili haiwi ngumu. Na uwe na jibu la swali usiloweza kulijibu, ulitamke nyumbani mpaka lizoee kinywa: "Hilo sikulichunguza. Nililolichunguza ni hili." Nimewasikia wakubwa wenye vitabu kumi wakilisema, na hakuna aliyewapunguzia heshima.

Mazoezi yako ya kwanza yafanyie Nungwi, mbele ya mjomba na vijana wake, jioni wakishaweka vifaa chini. Wasomee kurasa zote sita. Fundi akisikia neno limetumika visivyo hawezi kunyamaza, atakukatiza, naye kijana atakuwa na lake la kuongeza. Ukishakosolewa na mjomba wako mbele ya jahazi alilolijenga mwenyewe, hakuna profesa wa Bayreuth atakayekushinda katika hayo. Mazoezi ya pili yafanyie idarani na watu watatu unaowaamini, umesimama, wakuulize maswali matano kwa Kiingereza. Kama una ujasiri, mwalike na yule aliyekuuliza swali la mwaka jana. Huenda hajui kabisa kilichokupata siku ile. Walimu tunauliza tukaenda nyumbani, na mwanafunzi anabaki na swali letu mwaka mzima. Kwa hilo, kwa niaba ya wengi wetu, nakuomba radhi.

Profesa uliyemnukuu karibu kila sura usimsubiri anyooshe mkono. Mfuate siku ya kwanza, kabla ya zamu yako, wakati wa chai. Msalimie, jitambulishe, kisha muulize jambo moja ambalo kwenye maandishi yake hukulielewa au hukukubaliana nalo. Sifa anazipata kwa wengi. Swali la kweli kutoka kwa mtu aliyemsoma kwa makini halipati kila siku. Mkishakunywa chai pamoja asubuhi, mkono wake ukinyooka mchana utakuwa mkono wa mtu unayemjua.

Chai hizo zipe uzito sawa na vikao. Mtu aliyekuja kunisomea rasimu zangu kwa miaka mingi nilikutana naye kwenye foleni ya kahawa, tukianzia na habari za mvua. Ingia vikao vyote unavyoweza, kaa mbele, uliza swali moja fupi kwa siku. Pembeni mwa ratiba yako andika nani amekuuliza nini, na ndani ya wiki moja ya kurudi mwandikie kila mmoja mistari mitano.

Kuna jambo hukuniuliza nami nimeliona likiharibu safari za vijana wengi: maagizo. Ikishajulikana unakwenda Ulaya, watakuletea orodha ya viatu, simu na manukato. Kataa mapema, kwa upole, kwa wote. Ukimkubalia mmoja umewakubalia ukoo mzima, na siku ya mwisho ya kongamano, watu wanapopanga miradi ya mwakani, wewe utakuwa dukani.

Mwambie mama apumzike. Migahawa ya Waturuki iko karibu kila mji wa Ujerumani. Uliza tu kama nyama ni halali, si wote wanaochinja inavyotakiwa. Samaki, mayai na mbogamboga hazikosekani. Neno la kulijua kwenye menyu ni Schwein, ndiye nguruwe. Sala inahitaji ujipange, kwa sababu mwishoni mwa Mei jua la kule linazama saa tatu usiku imeshapita, na Isha inaingia usiku sana. Pakua ratiba ya sala ya Bayreuth kabla ya kuondoka, na muulize sheikh wenu kuhusu ruhusa ya msafiri ya kukusanya sala.

Njiani: Bayreuth unafika kwa treni. Ukishuka Frankfurt au Munich utapitia Nürnberg, na kutoka hapo ni kama saa moja. Kuwa macho, treni za upande ule huweza kukatwa vipande viwili kituoni, mabehewa ya mbele yakaelekea mji mmoja na ya nyuma mwingine. Soma kibao cha behewa lako na umuulize abiria aliye karibu. Barua ya mwaliko, bima, mahali pa kulala na tiketi ya kurudi viwe mkononi, si kwenye begi lililopakiwa, maana ofisa wa mpakani anaweza kuvitaka kabla hujaliona begi lako. Beba sweta, jioni kuna baridi. Beba na adapta, plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule. Maduka yanafungwa Jumapili na sikukuu, na mwezi wa Mei una sikukuu zake, hivyo nunua maji na matunda mapema. Kipande cha tiketi ya kupandia ndege na kila risiti vitie kwenye bahasha moja, utavihitaji wakati wa kurejesha masurufu.

Na kama mjomba atakuazima ile keke uende nayo ukawaoneshe, ambalo ningefurahi sana kulisikia, ifunge kwa kitambaa uiweke kwenye begi kubwa la kupakiwa, sio la mkononi. Ncha yake ni chuma. Kwenye ukaguzi pale uwanjani wataizuia, nawe utarudi Nungwi bila keke ya mjomba.